Kisukari: Macho hulindwa kwa kutunza mwili mzima

MGONJWA wa kisukari akianza kuona ukungu, aghalabu hudhani ni uzee au kwamba anahitaji miwani. Katika eneo la Siongiroi, Kaunti ya Bomet, ambako riziki ya wengi hutegemea shamba na ng'ombe wa maziwa, dhana hiyo yaweza kumnyima mkulima uwezo wa kujitegemea.

Kisukari huharibu macho kimyakimya. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, hudhoofisha mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa hiyo huvuja au huziba, kisha huota mingine dhaifu inayopasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mgonjwa anaweza kuendelea kuona vyema hadi madhara yawe makubwa.

Hata hivyo, sukari si adui pekee. Utafiti uliofanywa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1998, ulibaini kuwa kudhibiti barabara shinikizo la damu kwa wenye kisukari cha aina ya pili kulipunguza kwa asilimia 34 hatari ya maradhi ya retina kuzidi. Kwa hivyo, mgonjwa hapaswi kuridhika na kipimo cha sukari tu; shinikizo la damu, mafuta katika damu na figo pia vichunguzwe.

Nyumbani, hatua ya kwanza ni chai. Anayetia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku, hula vijiko 12. Ni heri anywe chai bila sukari, ale kimyet kwa kiasi na managu kwa wingi, apunguze chumvi, aache sigara na asikatize dawa.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa macho mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ina kitengo cha macho.

Akiona ghafla madoa meusi au kitu mfano wa pazia, asingoje hata siku moja. Matibabu ya leza huzuia madhara kuenea, lakini mara nyingi hayarejeshi uwezo wa kuona uliokwisha kupotea. Wakati bora wa kupimwa, basi, ni angali anaona vyema.