Somo la Afya: Vidonge vya Usingizi

Leo twazungumza juu ya vidonge vya usingizi, kama diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium.

Mtu wa Mugeta akifiwa, akakosa usingizi, daktari aweza kumpa vidonge vya siku chache, navyo humsaidia. Akiendelea kwa miezi, ubongo huvizoea. Kimoja hakitoshi tena, hutaka viwili. Siku akiviacha hukesha, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka. Hapo husema, "Kumbe siwezi kulala bila dawa!" Hilo ndilo kosa. Kukesha huko kumeletwa na kuacha dawa ghafula. Si dalili kwamba mwili umesahau kulala. Lakini hofu imekwisha ingia, na kila jioni hukitafuta kidonge kabla hata hajajilaza.

Je, afanye nini? Asiache ghafula, maana aweza kuanguka kifafa. Asinywe pamoja na pombe, maana pumzi yaweza kukatika. Amwendee daktari, apunguziwe kidogo kidogo kwa majuma mengi. Usingizi wake utarudi polepole.

Swali: Kwa nini usiku wa kwanza bila kidonge humdanganya mtu?