Ziara ya Kriketi Iliyozuiwa Kabla ya Kuanza

Mtu akifika Kendwa, kaskazini ya kisiwa chetu cha Unguja, saa za jioni atawaona vijana wakicheza kandanda mchangani. Kriketi haina watu wengi kwetu. Walakini katika mahoteli ya pwani wako wageni wa Uingereza na wa Afrika ya Kusini wanaoweza kukaa mbele ya televisheni kutwa nzima wakiitazama, na vijana wenu wanaofanya kazi huko hurudi nyumbani na maswali mawili. Mchezo gani huu usiokwisha? Na kwa nini nchi hizo mbili hugombea kombe lenye jina la mtu, Basil D'Oliveira?

Swali la kwanza ni jepesi. Mechi ya Testi ni mashindano ya nchi na nchi, nayo huweza kuchukua siku 5. Kila upande una wachezaji 11, na kwa kawaida hupata zamu mbili za kupiga. Mmoja hurusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa. Mpinzani wake, ameshika gongo bapa, huvilinda vijiti hivyo na kuupiga mpira mbali ili apate mbio, na mbio ndizo alama. Ni mchezo wa subira kama bao: mwenye pupa hutoka mapema. Timu ya nchi moja huifuata nyingine kwao, ikakaa huko majuma mengi na kucheza Testi kadhaa. Hiyo ndiyo ziara.

Swali la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

D'Oliveira alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Cape Town, akajifunza kriketi katika vichochoro vya Signal Hill. Alikuwa mtu wa damu mchanganyiko, na kwa serikali ya makaburu hilo lilitosha. Timu ya taifa ilikuwa ya Wazungu peke yao. Katika uwanja mkubwa wa Newlands watu wa rangi yake waliruhusiwa kutazama tu, tena katika sehemu yao ya pembeni. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Siku za mapumziko alicheza katika viwanja vya mawe na vumbi, akawa bingwa ambaye magazeti ya Wazungu hayakumjali.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilisafiri hadi Afrika ya Kusini kucheza na wale walionyimwa timu ya taifa. Mwaka wa 1958 wenyeji wale wakairudisha ziara: wakaja Afrika ya Mashariki, na kepteni wao alikuwa D'Oliveira. Mechi walizozipa jina la Testi hazikuwa rasmi, na vitabu vya Testi havizihesabu. Lakini hapa kwetu ndipo mtu yule alipoiongoza timu ya kwao katika nchi ya kigeni, jambo ambalo kwao lilikuwa mwiko.

Tusijisifu mno. Siku zile za ukoloni michezo ya huku nayo iligawanywa kwa rangi. Kenya ilikuwa na mechi ya kila mwaka ya Wazungu na Waasia tangu mwaka wa 1933, na Mwafrika katika viwanja vile mara nyingi alionekana akikata majani. Mjini Unguja pia kila jamii ilikuwa na klabu yake.

Baada ya safari ile mlango ukafungwa tena. Mwaka wa 1959 timu ya Frank Worrell kutoka West Indies ilikuwa iende kucheza na akina D'Oliveira, ikavunjwa, kwa kuwa wengine waliona kwamba kucheza na watu waliotengwa peke yao ni kuukubali utengano. Akabaki na kalamu tu. Alikuwa akimwandikia John Arlott, mtangazaji wa kriketi wa Uingereza, akimwomba amtafutie kazi ya kucheza huko. Mwaka wa 1960 ikapatikana, katika klabu ya Middleton, kwa paundi 450 za msimu mzima. Nauli ilibidi wachangiane watu wa kwao.

Mwanzo alitaabika kwa baridi na viwanja vyenye unyevu. Hatimaye akazoea, na mwaka wa 1966 akaichezea Uingereza Testi yake ya kwanza.

Kisha ukaja mwaka wa 1968. Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuzuru Afrika ya Kusini. Yeye alitajiwa kazi ya kufundisha mchezo, mshahara paundi 4,000 kwa mwaka, mradi atangaze mapema kwamba hayumo katika safari. Mtu mwenye mke na watoto, fedha nyingi kiasi kile! Hakuzichukua. Mwezi wa Agosti, katika uwanja wa Oval mjini London, aliwapiga Waaustralia mbio 158. Siku chache baadaye majina ya wasafiri yakatangazwa, na lake halikuwamo. Wakubwa wa mchezo walisema ni sababu za kriketi tu. Mimi siwezi kuamini kwamba mbio 158 zilisahauliwa kwa juma moja bila mtu kuifikiria Pretoria.

Watu wengi walikasirika. Kisha Tom Cartwright, mmoja wa waliochaguliwa, akajitoa kwa kuumwa bega, na nafasi yake akapewa D'Oliveira. Kesho yake Waziri Mkuu Vorster akatangaza kwamba hataipokea timu ile, kwa kuwa eti ilichaguliwa na maadui wa siasa yake. Tarehe 24 Septemba ziara ikafutwa.

Hakuna mpira uliorushwa, lakini dunia iliona wazi: serikali ya nchi moja inataka kuwachagulia wageni nani aje na nani asije, kwa rangi ya ngozi. Tangu Machi 1970 Afrika ya Kusini haikucheza Testi hata moja mpaka mwaka wa 1992. Sisi nasi tuliigharimia vita ile. Mwaka wa 1976 Tanzania haikushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imezuru kwa makaburu. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko huko New Zealand mwaka wa 1974, hakukimbia, na John Walker wa New Zealand akaichukua dhahabu ya mbio hizo.

D'Oliveira alicheza Testi 44. Hata moja haikuchezwa katika nchi aliyozaliwa. Alifariki mwaka wa 2011, lakini alikuwa hai Waingereza walipokwenda Afrika ya Kusini mwaka wa 2004 kugombea kwa mara ya kwanza kombe lenye jina lake. Mwezi wa Januari 2005 walicheza Newlands, wakapigwa vibaya. Ziara yote hata hivyo waliishinda, 2 kwa 1.