Msimamizi Akiondoka Chini ya Mti

Wanachama wetu, kila mwenye shamba ajua kuhesabu pishi zilizochumwa jioni. Walio wachache ndio wanaohesabu vitawi vilivyovunjika. Safari hii tumeona ni vyema tuzungumze juu ya vitawi hivyo, na juu ya yule mtu asimamaye chini ya mti, awe ni mwenye shamba mwenyewe au msimamizi wake. Maana mambo hayo mawili yamefungamana.

Karafuu, kama mjuavyo, hutoka kwenye ncha za vitawi. Kitawi kilichovunjwa leo ili shada livutwe upesi hakitatoa kitu mwakani. Kila mmoja wetu huwaambia wachumaji wasivunje, tena huwaambia kwa sauti ya kusikika shamba la pili. Na bado vitawi vyavunjika.

Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja ila ndiye aliyeshika kalamu hii, aliwahi kusimama chini ya mikarafuu yake asubuhi nzima siku ya Ijumaa akiamrisha: wewe panda huu, wewe shuka, wewe fanya haraka, wewe angalia tawi. Kazi ilikwenda vizuri sana. Saa sita akaenda kusali. Aliporudi alikuta nusu ya watu wamelala kivulini, na nyuma ya kichaka rundo la matawi mabichi yaliyovunjwa, yakachumwa kwa raha chini, kisha yakafichwa. Alipofoka, mzee mmoja katika wachumaji alimjibu kwa adabu: "Bwana, usinielewe vibaya. Mti ni wako, pishi ni yangu."

Maneno hayo yalituuma, lakini tulipoyafikiri tuliyaona ni kweli tupu.

Jambo hili limekwisha kupimwa na wataalamu, tena mbali kabisa na mikarafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, Bwana Kurt Lewin, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, waliwakusanya watoto wa kiume wa umri wa miaka 10 au 11. Waliwagawa katika vikundi vya watoto watano watano wafanye kazi za mikono, kama vile kutengeneza sura za bandia za kuvaa usoni. Kila kikundi kilikuwa na mtu mzima wa kukiongoza. Wa namna ya kwanza aliamrisha kila hatua, wala hakueleza hatua itakayofuata. Wa pili alishauriana na watoto, akawaeleza kazi yote tangu mwanzo mpaka mwisho, wakagawana wenyewe. Wa tatu aliwaachia wafanye wapendavyo, naye akakaa tu. Tena vikundi vilibadilishiwa viongozi, ili isemwe kuwa tofauti imetokana na uongozi, si na tabia za watoto.

Basi ikawaje? Chini ya mwenye kuamrisha watoto walifanya kazi nyingi, hatuwezi kulificha hilo. Lakini kiongozi alipotoka chumbani, kazi ilianguka mara moja. Katika baadhi ya vikundi hivyo watoto waligombana sana, na mara nyingine walimchagua mwenzao mmoja wakamwonea wote pamoja. Chini ya mwenye kushauriana, kiongozi alipotoka kazi iliendelea karibu vile vile. Waliulizwa watoto 20 yupi wampenda zaidi kati ya mwenye kuamrisha na mwenye kushauriana. 19 wakamtaja wa pili. Yule mmoja aliyebaki, kwa taarifa yenu, alikuwa mtoto wa afisa wa jeshi.

Yule wa tatu, wa kuachia tu, hakupata kazi nyingi wala nzuri. Tunamtaja kwa sababu twamfahamu. Ndiye mwenye shamba akaaye mjini, aonekanaye siku ya kupima tu.

Mtu atasema: hao ni watoto, na sura za bandia si karafuu. Ni haki kusema hivyo. Mtu aliye juu ya mkarafuu wa futi 40 hafanyi mchezo, na wingu likitanda juu ya majamvi hakuna baraza la kushauriana. Hapo ni amri, na kila mtu hukimbia. Lakini kuchuma si kuanua. Kuchuma ni kazi ya siku nyingi, na mchumaji yumo ndani ya majani, haonekani. Hata msimamizi awe na macho manane, kitawi kitavunjwa upande asioutazama. Kwa hiyo swali letu ni lile lile la Iowa: kazi huwaje mtu asipotazamwa?

Wazee wetu walilikabili swali hili mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Wenye mashamba waliozoea kulazimisha walijikuta wanamhitaji mtu awezaye kuondoka. Mchumaji akilipwa kwa pishi, na akiona kipimo cha fulani hakina haki, alihamia kwa jirani. Malipo ya pishi ni mazuri kwa haraka. Lakini hayasemi neno juu ya tawi. Yanalipa wingi tu, na mchumaji hufanya kile anacholipwa. Tukimlipa mtu kwa haraka kisha tukamgombeza kwa haraka, nani mjinga?

Mwaka uliofuata tulijaribu njia nyingine. Kabla ya kuanza tulikaa na wachumaji chini ya mwembe, tukawauliza miti igawanywe vipi. Tulidhani watazozana. Walimaliza kabla ya kahawa kupoa. Kila wawili walichukua miti yao, nasi tukaahidi kuwa miti hiyo ni yao msimu wote. Mnajua kuwa karafuu haziivi pamoja. Mti mmoja hurudiwa mara mbili tatu. Basi aliyevunja kitawi chenye mashada machanga alijivunjia pishi yake mwenyewe ya safari ijayo. Pishi ilipimwa mbele ya macho yao, ikafutwa sawasawa bila kulundikwa, na fedha zikatolewa jioni ile ile. Mti uliorudiwa bila kuvunjika uliongezewa kitu kidogo mwisho wa msimu.

Matawi yaliyovunjika hayakwisha, tusidanganyane. Vijana wawili waliendelea na desturi yao, ikabidi tuwaambie kwaheri, na wenzao ndio waliotuletea habari zao. Siku za kwanza kazi ilikwenda polepole kuliko zamani, nasi tukaona tumekosea. Lakini Ijumaa tuliporudi kutoka msikitini tulisikia watu wakizungumza juu ya miti, na chini ya kichaka hapakuwa na kitu.

Yule mzee amekwisha kuiomba tena miti yake saba iliyo karibu na kisima kwa msimu ujao. Tumeiandika daftarini kwa jina lake.