Moshi wa Kiwanda Nani Anaupima?

Betri ya gari ikishakufa, fundi huiweka kando ya karakana, na jioni hupita mnunuzi wa vyuma chakavu akainunua kwa kilo. Anachokitafuta ni risasi iliyomo ndani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake. Kiwandani betri hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, na vibao vya risasi vikatiwa kwenye tanuru. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto dogo ukilinganisha na la chuma. Tanuru likichochewa zaidi ya hapo, sehemu ya risasi hutoka na moshi ikiwa vumbi jepesi mno. Dohani isipokuwa na vichujio vya kulinasa, vumbi hilo hutua popote upepo utakapolipeleka: juu ya paa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchanga wanakochezea watoto.

Mwaka 2007 kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi pembeni mwa Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Jomvu, upande wa bara wa Mombasa. Haukupita muda mrefu kabla ya wakazi kuanza kulalamika. Walikohoa, macho yakawawasha, mabati ya nyumba zao yakaliwa na moshi wenye tindikali. Wanawake walisimulia jinsi mimba zilivyoharibika. Maji machafu ya kiwanda nayo yalitiririka hadi vichochoroni.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira, na wataalamu waliofanya kazi hiyo waliona wazi kwamba mahali pale hapakufaa tanuru la risasi. Ushauri huo haukusikilizwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Alipimwa magonjwa ya kawaida yasionekane, hadi daktari alipopata wazo la kupima risasi katika damu. Ilikuwemo, na kiasi chake kilikuwa cha kutisha. Mama aliyekuwa akienda kazini kumtafutia mtoto riziki alikuwa akimnyonyesha sumu. Aliacha kazi, akahimiza watoto wengine wa mtaa wapimwe, na majibu yao yakafanana na ya mwanawe.

Hivyo ndivyo hewa ya Owino Uhuru ilivyopimwa kwa mara ya kwanza: kwa sindano, katika mishipa ya watoto. Kifaa kilichostahili kuwa kwenye dohani hakikuwepo, au kama kilikuwepo, hakuna mkazi aliyewahi kuambiwa kilisoma nini. Hilo haliwezi kuitwa upungufu mdogo wa utaratibu. Shirika la Afya Duniani limesema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ukishaathirika hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Damu ikionyesha namba, wakati wa kuzuia umekwisha kupita.

Kilichofuata kilichukua miaka. Omido aliandaa maandamano, na mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kesi ambayo baadaye alishinda. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uleule ambao Kenya ilitangaza kanuni zake za ubora wa hewa, miaka 15 tangu sheria ya mazingira ya 1999. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka uliofuata shauri likafikishwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Mnamo Julai 2020 mahakama hiyo iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Walioamriwa kulipa hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia zilihukumiwa pamoja nao, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Katika hukumu hizo kuna jambo ambalo kila ofisa wa mazingira katika Afrika Mashariki angepaswa kulisoma mara mbili: kutopima nako ni kosa.

Na kupima kunawezekana. Zamani mkaguzi alisimama mbali na kiwanda akiwa na kadi mkononi. Mnamo 1888 Mfaransa Maximilien Ringelmann alibuni kadi yenye vivuli vya kijivu, kuanzia cheupe hadi cheusi, na mkaguzi alilinganisha rangi ya moshi na vivuli hivyo. Njia hiyo ilisaidia katika miji iliyochoma makaa ya mawe, ila ina udhaifu mkubwa: sumu nyingi hazina rangi. Gesi ya salfa dayoksidi haionekani. Vumbi la risasi likiwa jembamba halionekani vilevile.

Leo fundi sanifu hupanda ngazi hadi kwenye jukwaa lililo ubavuni mwa dohani. Hapo kuna tundu lenye kizibo. Hukifungua, akapenyeza bomba jembamba ndani ya mkondo wa moshi na kuuvuta kwa pampu. Ni lazima moshi uingie kwenye bomba kwa mwendo uleule unaopandia ndani ya dohani. Akivuta upesi kupita kiasi au polepole kupita kiasi, chembe nzito na nyepesi haziingii kwa uwiano wake, na jibu linakuwa la uongo. Vumbi hunaswa kwenye kichujio kilichopimwa uzito kabla, kikapimwa tena baadaye. Kichujio hichohicho kikipelekwa maabara husema lililo muhimu zaidi: hilo vumbi ni la nini.

Kasoro ya upimaji huu ni kwamba hufanywa kwa miadi. Mwenye kiwanda anajua siku ya mgeni kufika, na siku hiyo tanuru linaweza kuendeshwa kwa adabu. Ndiyo maana viwanda vikubwa katika nchi nyingi hulazimika kufunga mitambo inayopima ndani ya dohani usiku na mchana. China ilipiga hatua nyingine. Kuanzia 2014 viwanda vyake vikubwa, maelfu kwa maelfu, viliagizwa kutangaza vipimo vyao kwa umma papo hapo. Ma Jun, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuanzisha taasisi ya utafiti wa mazingira, alizikusanya takwimu hizo akaziweka kwenye ramani ya simu. Mwananchi aliweza kuona kiwanda kipi kimevuka kikomo, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Kiwanda kilichozoea kubishana na mkaguzi mmoja sasa kilikuwa kikitazamwa na mji mzima.

Kwetu dalili njema zaidi imetoka Kampala. Tangu 2015, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere linaloongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha limekuwa likitengeneza vifaa vya kupima hewa chini ya mradi wa AirQo. Vifaa vya kigeni vya daraja la juu huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na vinataka chumba chenye kiyoyozi na umeme usiokatika. Wao walibuni kisanduku kinachostahimili joto, vumbi na kukatika kwa umeme. Visanduku vingine vilifungwa kwenye nguzo na majengo, vingine kwenye bodaboda zinazozunguka mjini, na mradi umeenea hadi nchi nyingine za Afrika.

Ndani ya kisanduku hicho feni ndogo huvuta hewa na kuipitisha mbele ya mwali wa leza. Kila chembe inayopita hutawanya mwanga, na kutokana na mtawanyiko huo kifaa hukadiria wingi wa vumbi laini lenye kipenyo cha mikroni 2.5 kushuka chini, lile linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa vumbi hilo, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo. Kampala iko juu ya kiwango hicho mara kadhaa. Unyevu wa hewa unaweza kukihadaa kifaa cha leza, kwa hiyo watafiti huweka baadhi ya vifaa vyao kando ya mtambo wa daraja la juu, wakalinganisha na kusahihisha.

Umuhimu wa kuwa na vipimo vyetu wenyewe ulidhihirika Machi 2025. Kwa miaka mingi miji kadhaa ya Afrika ilitegemea mitambo iliyofungwa kwenye balozi za Marekani, na takwimu zake zilikuwa wazi kwa yeyote. Mwezi huo serikali ya Marekani ilisitisha kuzitangaza kutoka balozi na konsuli zake zaidi ya 80 duniani. Uamuzi ulifanywa Washington, lakini pengo lilibaki kwa wakazi wa miji iliyozitegemea.

Hata hivyo, visanduku vya leza visibebeshwe mzigo usio wao. Vinahesabu vumbi bila kujua limetoka wapi wala lina nini. Kisanduku kimoja Owino Uhuru mwaka 2009 kingeonyesha kwamba hewa ni chafu, lakini kisingetaja risasi. Hiyo ni kazi ya kichujio na maabara, na inahitaji bajeti, mafundi waliosomea kazi hiyo, na ofisa asiyeogopa kubisha hodi getini bila miadi. Majibu yake nayo yasifungiwe kwenye jalada la makao makuu. Karatasi moja ikibandikwa kila mwezi katika ofisi ya chifu au ya serikali ya mtaa, ikitaja kiwanda, tarehe, kipimo na kikomo cha sheria, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na shilingi bilioni 1.3.