Idjwi haina treni, iko na ziwa

Kule California, tangu mwaka 1989, treni ya Napa Valley inatembeza wageni katikati ya mashamba ya mizabibu, wanakula na kunywa divai. Sisi ku Idjwi tuko na mashua, sambaza za kukaanga, mananasi, na kasiksi. Ndizi zilizoiva zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Siku mbili tatu, iko tayari. Lakini haijui kungoja: bidoni ikifungwa sana inaweza kupasuka njiani. Kwa hiyo tamu inanywewa kisiwani, na mgeni lazima avuke.

Hapo ataulizia jile ya kuokoa maisha, na ana haki. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama, imejaa kupita kiasi, abiria wakiiona tayari bandari ya Kituku.