Kurusha Mpira wa NFL: Mbona Wako Unayumba Kama Mat Yenye Pancha?

Sema ukweli. Umeshika ule mpira wa futiboli ya Marekani, ule wa kahawia wenye kamba za kushonea juu, ukajiona Patrick Mahomes. Ukaurusha na nguvu zako zote. Ukayumba hewani kama mat yenye pancha, ukaanguka hatua kumi mbele yako. Mbogi yote ikacheka mpaka ikakaa chini. Wewe ukasema mpira ndio mbovu.

Mpira hauna shida, buda. Na si ati hauna misuli. Hii kitu ni ufundi, na ufundi unafunzwa.

Kwani inanihusu?

Inakuhusu. Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipitisha flegi futiboli iingie kwa Olimpiki za Los Angeles 2028. Hii ni ile ya watano kwa watano, hakuna helmeti, hakuna kuangushana. Ukitaka kumsimamisha mwenye mpira unamchomoa kitambaa kiunoni. Wanaume wanacheza, madem wanacheza.

Tusidanganyane, timu zinazoingia ni sita tu kila upande, so tiketi si ya bure. Lakini huu ni mchezo ambao haudai vifaa vya bei kali: mpira mmoja, vitambaa, na uwanja. Na Mkenya ashawahi kufika juu. Daniel Adongo alitoka raga moja kwa moja akasainiwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, bila kupitia futiboli ya chuo. Yeye kazi yake ilikuwa kukaba. Anayerusha ni kwotabeki, na timu isipokuwa na mtu wa kurusha haiendi popote.

Raga imekufunza vingine

Wengi wetu mpira wa yai tumeujua kwa raga. Huko pasi inaenda nyuma, mikono miwili, kutoka kiunoni. Hapa mpira unaenda mbele, mkono mmoja, kutoka juu ya bega. Hata Wamarekani wenyewe hawakuwa wanaruhusiwa kurusha mbele mpaka 1906. Na mpira wao ni mwembamba kuliko wa raga, una ncha kali, urefu kama sentimita 28, uzito kitu gramu 400. Ndio maana unakaa kwa mkono mmoja.

Siri ni kuzunguka

Unakumbuka pia ya utotoni? Ikizunguka inasimama wima. Ikipoteza kasi inaanza kuyumba, inaanguka. Mpira huu ni vile vile. Ukizunguka vizuri, ncha inabaki mbele na unakata hewa. Usipozunguka, hewa inaupiga ubavuni na safari imeisha. So kila kitu utafanya hapa chini ni kwa sababu moja: uzunguke.

Nitaongea na wa mkono wa kulia. Kama wewe ni wa shoto, geuza tu.

1. Shika kwa vidole, si kwa kiganja

Weka kidole cha pete na kile kidogo juu ya zile kamba. Kidole cha shahada kikae nje ya kamba, karibu na ncha ya nyuma. Kidole gumba kiende chini, upande ule mwingine. Sasa angalia kati ya kiganja na mpira: lazima kuwe na nafasi kidogo. Ukiukumbatia kama mkate wa mia, hautazunguka. Na usiubane. Shika kama yai ambalo hutaki livunjike lakini pia hutaki likuponyoke. Kama mkono wako ni mdogo, kuna saizi ya watoto. Anza nayo, hakuna aibu.

2. Simama upande

Usitazame unapolenga na kifua. Bega la kushoto ndilo linaangalia mwenzako. Miguu iachane upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, uzito ukae mguu wa nyuma. Mpira uko kifuani, mikono miwili.

3. Inua kiwiko

Ukirudisha mkono nyuma, kiwiko kifike usawa wa bega. Kiwiko kikishuka, unaanza kusukuma mpira badala ya kuurusha, na bega ndilo linalipa.

4. Anza na miguu

Hapa ndipo wengi huangukanga. Nguvu haitoki mkononi. Piga hatua fupi na mguu wa kushoto kuelekea unapolenga, kiuno kizunguke, kifua kifuate, halafu bega, halafu kiwiko, mkono uje mwisho. Ni kama kupiga mjeledi: mpini unatembea kidogo, ncha ndiyo inalia. Mkono wa kushoto usiuache unaning'inia, uvute ndani karibu na mbavu. Utasaidia mwili kugeuka.

5. Achilia, halafu maliza

Achilia mpira mkono ukiwa juu na mbele kidogo ya kichwa. Kidole cha shahada ndicho kinagusa mpira mwisho, na hapo ndipo ule mzunguko unazaliwa. Usisimame hapo. Mkono uendelee mpaka kiganja kiangalie nje, kidole gumba kiangalie chini, kama unaweka simu kwa mfuko wa kushoto wa suruali. Ukikatiza njiani, mpira unayumba na bega linashtuka.

Mazoezi ya wiki mbili za kwanza

Usianze na mita 40. Piga goti moja chini, la upande wa mkono unaorusha, mwenzako akae mita tano. Hapo miguu haiko, unafunza vidole na kiwiko pekee. Mpira ukizunguka safi mara kumi mfululizo, simama. Ukiwa umesimama na bado ni safi, rudi nyuma hatua mbili. Ukianza kuyumba tena, songa karibu. Usione haya.

Jisome pia. Ncha ikiinama chini, umeachilia kwa kuchelewa. Ukipaa juu ya kichwa cha mwenzako, umeachilia mapema. Ukiyumba tu, angalia kiganja, pengine umeubana.

Bega ni moja, hakuna ya mtumba

Hii nimejifunza vibaya. Siku ya kwanza nilirusha bila kupasha mwili, kila mpira nikitaka ufike mwisho wa uwanja, juu kulikuwa na watu wanaangalia. Wiki mbili nililala upande mmoja, na kuvaa shati ilikuwa kazi ya watu wawili. So zungusha mabega, kimbia kidogo, anza na mirusho laini. Ukisikia maumivu makali ndani ya bega, wacha siku hiyo. Kuchoka ni sawa, kuumwa si sawa.

Tafuta mwenzako mmoja mwenye subira, na uwanja ambao hauna madirisha karibu. Siku mpira utatoka mkononi ukizunguka bila kutikisika, utaujua kabla haujafika. Na wale walicheka wataomba wajaribu.