Matairi ya Lami kwenye Njia za Udongo: Anza na Upepo

Mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli jijini Dar es Salaam siku za wiki, kisha Jumamosi akatamani kupanda vilima vya Pugu na kuingia njia za udongo za Kisarawe, huwa na swali moja: matairi haya ya lami yatanifikisha, au ninunue yenye kashata nene? Mara nyingi yatamfikisha. Kwa anayekanyaga udongo mara mojamoja, cha kwanza kurekebisha ni upepo uliomo ndani ya tairi. Upana huja wa pili. Kashata, yale meno ya mpira yanayokutana na ardhi, huja mwisho, na nitaeleza kwa nini.

Kwenye lami kashata hazina kazi kubwa. Lami yenyewe ina vikwaruzo vidogo vinavyoukamata mpira, na tairi lisilo na meno marefu huigusa kwa eneo lake lote. Hata mvua ikinyesha, tairi la baiskeli ni jembamba na limejaa upepo wa nguvu, hivyo huyasukuma maji pembeni. Halielei juu yake kama linavyoweza kuelea la gari lililo kasi. Ndiyo maana tairi la mjini hutengenezwa likiwa karibu laini.

Kwenye udongo mambo hubadilika, kwa kuwa ardhi yenyewe inahama. Hapo upepo unaanza kuamua. Chukua mwendeshaji wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 18. Kwa kawaida gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito huo, tuseme kilo 53. Tairi likiwa na PSI 60, sehemu inayogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 12 hadi 13. Punguza hadi 45, na sehemu hiyo inafika karibu 17. Umepata theluthi moja zaidi ya mpira ulioshika ardhi, bila kununua chochote.

Faida ya pili ni ulaini. Tairi gumu likikutana na jiwe huinua uzito wote wa baiskeli na mtu, kisha huuangusha, na nguvu ya miguu yako hupotea katika kurukaruka huko. Lililopunguzwa upepo hubonyea, likalimeza jiwe na kusonga mbele. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, utachoka kidogo na mikono haitakufa ganzi.

Punguza kiasi gani? Soma ubavuni mwa tairi. Kikomo cha juu kimeandikwa, na mengi huandikwa pia cha chini. Anza kwa kutoa robo ya upepo unaotumia kwenye lami, bila kushuka chini ya kikomo cha chini. La mbele liwe laini kidogo kuliko la nyuma, maana limebeba uzito mdogo. Ukigonga jiwe na kusikia rimu imegusa, umepitiliza. Ushahidi mwingine ni pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba: tyubu imebanwa kati ya jiwe na kingo za rimu.

Hapa pana mtego kwa wenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele. Nyingi hutumia valvu ya aina ya zamani, yenye kijimpira ndani kinachojifunga pampu ikitulia. Geji haiwezi kusoma sawasawa upepo uliomo nyuma ya kijimpira hicho. Pima kwa macho: keti kwenye siti, egemea ukuta, umwombe mwenzako aangalie tairi la nyuma. Linapaswa kubonyea kidogo lakini waziwazi. Likibaki kama halijakaliwa, ni gumu mno kwa udongo. Likitanuka pembeni hadi ubavu ukunjane, lirudishie upepo.

Baada ya upepo, jifunze kuisoma ardhi. Udongo mkavu ulioshindiliwa ni rafiki wa tairi la mjini. Pita bila hofu. Changarawe iliyotawanyika juu ya ardhi ngumu ndiyo inayoangusha watu, kwa sababu kokoto hubiringika kama gololi chini ya mpira. Hapo funga breki kabla ya kona, na ndani ya kona achia. Usikate usukani ghafla. Kwenye mlima baki umeketi, kwani ukisimama uzito hutoka nyuma na gurudumu huzunguka bure.

Mchanga, ambao ukanda wa pwani umejaaliwa kwa wingi, hutaka upana. Tairi jembamba huzama hata likiwa na kashata za kutisha. Weka gia nyepesi kabla hujauingia, kanyaga bila kukatiza, peleka uzito nyuma, na uache usukani ucheze kidogo. Ukizama, shuka usukume.

Udongo wa mfinyanzi uliolowa ndio mpaka. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia iliyokuwa ngumu kama sakafu hugeuka utelezi. Udongo hujaza nafasi kati ya meno hata ya tairi la milimani, na kwenye baiskeli ya mjini hujikusanya ndani ya madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Hakuna upepo wala ustadi utakaokuokoa hapo. Subiri njia ikauke. Ukiilazimisha utaanguka, na utaacha mifereji itakayowasumbua wanaopita kwa miguu.

Miiba nayo ina habari yake. Mbigili hauhitaji jiwe wala mwendo kasi. Hujichoma na kukaa kimya, ukizidi kuzama kila gurudumu linapozunguka. Matairi mengi ya mjini yana utepe mgumu wa kinga chini ya mpira, na hapo huyashinda mengi mepesi ya mashindano. Ubavu, hata hivyo, hauna kinga hiyo, na jiwe lenye makali huweza kuuchana. Ukirudi, zungusha kila gurudumu polepole, ng'oa miiba na vigae, kagua ubavu pande zote mbili. Kisha rudisha upepo wa lami kabla ya Jumatatu; tairi laini mjini hukuchosha, na kwenye shimo la barabarani rimu huumia.

Ikiwa safari za udongo zimekuwa za kila wiki, sasa fikiria kununua. Tafuta kwanza tairi pana zaidi, lililo laini katikati na lenye meno mafupi mabegani; litakimbia kwenye lami na kushika kwenye kona za vumbi. Hakikisha linabakiza angalau milimita 5 hadi kwenye fremu na madigadi. Ukimudu moja tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kujirekebisha; la mbele likiteleza, umekwisha kuanguka.

Dukani usitosheke na kuambiwa “inchi 26”. Tairi la 26 x 1.75 la baiskeli za milimani hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. La 26 x 1 3/8, linalovaliwa na baiskeli nyingi za kikapu za Kijapani, hukaa kwenye 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi atakayeliingiza moja mahali pa jingine. Tazama namba mbili ubavuni, mfano 37-590: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Ya pili lazima ilingane na ya tairi lako la zamani.

Kwa hiyo panga matumizi hivi: nunua kwanza pampu nzuri, tyubu ya akiba, viraka na gundi. Tairi pana lifuate, ikiwa safari zimeongezeka. Kashata nene waachie wanaoishi kwenye tope. Baiskeli iliyokupeleka kazini wiki nzima inakutosha kwenda Kisarawe, mradi ardhi ni kavu na umetoa upepo kabla ya kuiacha lami.